Barafu Iliyeyuka, Nikaandika Nusu Saa

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, mwenyeji wa Ngonga, Kyela. Dada yangu Tusekile ndiye aliyenisomesha kwa mpunga na kakao yake, hadi nikafika maabara ya chuo. Leo hayupo... na katika kifo chake mkono wangu umo.

Niwaeleze taratibu, ndugu zangu, wala si jambo gumu. Seli ya mwili ni kama nyumba, na utando wake ndio ukuta. Katika baadhi ya saratani za titi, ukuta huo hujaa protini fulani, kama milango. Milango ikionekana, ipo dawa ya kuiziba. Kazi yangu ilikuwa kuitafuta hiyo milango. Nilikitia kipande cha uvimbe rangi inayong'ang'ania protini hiyo tu, kisha nikakitazama kwa hadubini ya miali ya leza. Protini ikiwapo, kila seli huvaa pete ya kijani. Inapendeza sana!

Dada alipoota uvimbe kwenye titi na kukatwa kipande hospitalini, nesi alinipa chupa ya dawa ya kuhifadhia. Nikaikataa! Nilitaka kipande kibichi, cha baridi, kwa ajili ya hadubini yangu. Nikakitia kwenye boksi la barafu tulilobebea mbasa, samaki wa Matema.

"Umenigeuza mbasa, Lusajo!" dada akacheka. "Usije ukanikaanga huko."

Nilipaswa kusafiri nacho palepale kwenda maabara. Lakini baba alisema kipande cha mwili wa mwanawe hakiendi mbali bila kuombewa na ndugu. Nikapita nyumbani. Tukamsubiri baba mdogo atoke Matema... tukasali, tukala wali. Ningemkataliaje baba? Na joto la Kyela mnalijua! Nilipofungua boksi, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu.

Kule maabara, hadubini ilionyesha giza. Hakuna hata pete moja!

Mwalimu wangu akauliza kipande kilikaa muda gani kabla sijaanza safari. Nilijua protini huharibika kwenye joto. Nilijua! Lakini mimi, msomi wa ukoo, niseme barafu iliyeyuka nikiwa nakula wali?

"Nusu saa tu, mwalimu, halafu kilikuwa kwenye barafu muda wote." Nikaandika hivyo kwenye fomu.

Daktari akaamini. Dada hakupewa dawa ya kuziba ile milango. Miezi ikapita, ugonjwa ukaingia mifupani. Wakakata kipande kingine, safari hii kikatiwa dawa ya kuhifadhia papo hapo. Nilipotazama... pete za kijani kila mahali! Nililia palepale mbele ya hadubini. Dawa ilianza, lakini mwili wa dada ulikuwa umeshachoka.

Siku ya mwisho ya kuzungumza naye alinishika kidole. "Lile boksi la mbasa... lilifika na barafu?"

"Lilifika, dada."

"Ndaga, mdogo wangu. Najua ulijitahidi."

Ndaga! Alinishukuru! Siku mbili baadaye tukamzika.

Wadogo zangu mnaosomea kazi hii, kuchelewa kunarekebishika. Ningesema ukweli, wangekata kipande kingine wiki ileile. Nawasihi, andikeni saa ya kweli hata ikiwaaibisha. Semeni mapema, mgonjwa akiwa bado na nguvu za kuwagombeza.

Mimi, mgonjwa wangu alinishukuru... Shukrani ile nitamrudishia nani?