Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Taa ya mkanda ndiyo iliyotangulia. Fundi Sikio alikuwa amemshusha binti yake shuleni asubuhi, amebaki peke yake garini, mara kile kitaa chekundu kikaanza kuwaka na kuzima, ti, ti, ti, kama vile kiti cha kushoto kimekaliwa na mtu aliyesahau kujifunga. Kitini hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na mkoba.

Hakushtuka. Gari lilikuwa na miaka ishirini na mbili, na gari la umri huo halikosi la kusema. Alipofika gereji alikisogeza kiti, akakagua nyaya za chini yake, akasafisha soketi, akarudisha kila kitu mahali pake. Kitaa kikawaka vilevile. Mwishowe, kwa kuchoshwa na kelele, aliuvuta mkanda akaufunga juu ya kiti kitupu. Kitaa kikazima, na kwenye matundu ya hewa ikatoka harufu ya mafuta ya mkaratusi.

Mafuta hayo mkewe alikuwa akijipaka kifuani kila pumu ilipombana, na mkewe alikuwa na miezi mitano kaburini.

Jina la Sikio alipewa na wateja, kwa sababu aliweza kuweka kipande cha mpira sikioni, ncha nyingine akaipitisha juu ya injini, akakwambia kilichokufa. Walimtania kwamba ukikohoa mbele yake atakutajia plagi. Lakini mganga hajigangi. Mkewe alimwambia, "Mume wangu, gari yangu inamisi, injini inakatakata. Nikisimama inatetemeka kama ina homa, halafu ile taa ya injini inawaka." Akajibu kesho. Akamwambia tena, akajibu kesho. Mara ya tatu, uwanja ukiwa umejaa magari ya wateja, alikata kipande cha tepu nyeusi akakibandika juu ya taa ile. "Ni sensa tu hiyo, haina neno," alisema. Mkewe alicheka, akaondoka.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, pumu ilimbana akiwa peke yake nyumbani. Alijiendesha kwenda hospitali, gari likamzimikia njiani, likagoma kuwaka. Waliopita walidhani amelala kwenye usukani.

Habari ya tepu hakuijua mtu. Watu walimpa pole, naye akazipokea pole zote kama mtu anayepokea mzigo usio wake. Tangu msiba aliliendesha gari lile kwa sababu ndilo pekee walilokuwa nalo. Likizima, analiwasha. Boneti hakuwahi kuifungua, na tepu hakuigusa.

Sasa aliifungua. Injini ilikuwa inatetemeka vilevile, inaruka pigo moja katika kila manne. Alichomoa koili za plagi moja baada ya nyingine, na alipofika ya tatu mlio haukubadilika, kwa hiyo silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Aliiweka plagi ya tatu mahali pa ya kwanza, na ya kwanza mahali pa ya tatu, kosa likabaki palepale kwenye ya tatu. Akafanya vivyo hivyo kwa koili, likabaki. Basi alichukua kipande chake cha mpira akakiweka sikioni, akaipitisha ncha ya pili polepole juu ya bomba la hewa, na alipofika penye silinda ya tatu alisikia hewa ikivutwa, hewa ya kupita mahali pasipopaswa, jambo ambalo fundi yeyote angelifurahia, ila hewa ile ilivutwa, ikashikwa, ikatolewa kwa mluzi mwembamba, ikavutwa tena, kama alivyoisikia kila usiku kwenye mto wa pembeni yake kwa miaka kumi na moja, na ndani ya mluzi mlikuwa na sauti ikisema, "Nipeleke, mume wangu, nimechelewa."

Alikiangusha kipande cha sikioni. Akaona wazi mpira mdogo wa hewa, mfupi kama kidole, uliopasuka chini ya bomba. Kosa lote lilikuwa hilo. Akafunga boneti bila kuligusa.

Kwa nini? Kwa sababu alimpenda, na aliona heri kuishi na pumzi yake mbovu kuliko kutokuwa naye kabisa. Kila asubuhi akawa anafunga mkanda wa kushoto kwanza, kisha wake. Alikuwa akimsimulia habari za wateja. Alijijua kwamba amekuwa mwehu, na hakujali.

Hadi siku binti yake wa miaka minane alipoanza kukohoa kwenye kiti cha nyuma.

"Una nini, mama?" alimuuliza, akimtazama kwenye kioo.

"Sina kitu, baba." Mtoto aliongea kwa kunong'ona, midomo imepauka. "Mama anasema tupokezane. Anavuta yeye, halafu navuta mimi. Lakini sasa yeye anavuta mara mbili."

Fundi Sikio alisimamisha gari katikati ya barabara, akamtoa mtoto akambeba mikononi, na nyuma yao magari yakapiga honi kwa hasira.

Mganga aliyemwita alikuwa mteja wake wa siku nyingi, mzee mwenye dawa za kutisha na breki za kutisha zaidi. Alikuja gereji mchana huohuo, akamkalisha mtoto kwenye benchi, mbali na gari, akaanza kuuliza kama fundi anavyouliza.

"Ilianza lini? Ikiwa baridi au ikiwa moto? Akianza, harufu ndiyo inayotangulia au sauti?"

Fundi alijibu yote, kwa sauti ya chini.

"Huyo si mkeo," mzee alisema. "Jini hana sura yake, mwanangu. Huazima. Na haingii mpaka akute mlango. Umeficha nini kwenye gari hii?"

"Sijaficha kitu, mzee."

"Fundi. Mimi nikikwambia breki zangu ni nzima, unaniamini?"

Mtoto alikohoa kwenye benchi, na kikohozi chake kilikuwa na mluzi.

"Nilibandika tepu," fundi alisema. Kisha machozi yakamtoka yote ya miezi mitano.

"Basi bandua, useme na mwanao asikie, kisha utengeneze. Kwa mfuatano huo. Mimi nitasoma dua, lakini spana ni zako."

Akaiwasha injini, akaibandua tepu. Chini yake taa ya injini ilikuwa inawaka, ya njano, haijachoka. Akamgeukia binti yake.

"Mama yako aliniambia mara tatu. Nikamwambia haina neno, nikaificha taa. Gari ilimzimikia kwa sababu yangu."

Mzee akaanza kusoma. Fundi akazima injini, akafungua boneti akainama, na hapo, injini ikiwa imezima kabisa, pumzi ikaanza, karibu na shavu lake, yenye joto na harufu ya mkaratusi, ikamwita kwa majina ambayo mke humwita mume chumbani tu, ikamwambia asimzibe, kuna giza, atakosa hewa, mara moja aliachwa peke yake je ataachwa tena na mikono ileile, na alipokaza koleo ili autoe mpira uliopasuka ikalia kilio ambacho hakukisikia siku ile kwa kuwa alikuwa chini ya gari la mteja, kilio cha mtu anayeita jina lake na kuamini kwamba atakuja.

"Nisamehe," alisema, akaingiza mpira mpya.

Akaondoa waya wa betri ili kumbukumbu ya kosa ifutike, akaurudisha, akawasha. Injini ilikamata mara moja. Haikutetemeka, haikuruka pigo. Taa ya injini iliwaka kidogo, ikazima. Mtoto akavuta pumzi ndefu, safi, hadi tumboni.

Fundi alitazama saa ya ukutani. Kazi aliyoiahirisha mara tatu ilikuwa imemchukua dakika arobaini, pamoja na kulia.

Akapanda garini na binti yake nyuma. Mkanda wa kushoto ulikuwa bado umefungwa, alivyoufunga asubuhi. Wakiutazama wote wawili, ulijifyatua wenyewe, tak, ukarudi taratibu mahali pake, kama unavyorudi mtu akiushikilia usimpige.

"Baba," mtoto aliuliza, "mbona hukumuaga?"

Alitaka kumwambia alivyosema mzee, kwamba hakuwa yeye. Badala yake alishuka, akazunguka, akaufungua mlango wa kushoto, akaushikilia wazi muda wote ambao mtu aliyebanwa kifua angehitaji ili ashuke. Kisha akaufunga polepole.