Mawe Yaliyompita Nayeli

Maneno yale niliyasikia kwa Ofelia, tukisubiri mashine za kufulia nguo, na tangu siku hiyo hayakunitoka kichwani.

"Shoga, umesikia? Wasichana wa timu ya shule wanafeli makusudi lile jaribio la kichwa."

"Jaribio gani?"

"Lile la kompyuta, la Agosti, kabla msimu haujaanza. Wanaonyeshwa maneno na picha, halafu wanaulizwa wanakumbuka yapi. Ukigongwa kichwa kwenye mechi, unalirudia. Ukionekana umeshuka, unakaa benchi. Sasa wenzetu wajanja, wanajishusha mapema. Aliye chini tangu mwanzo atashuka aende wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia watu wa mji huu wakikosa la kufanya hutunga. Lakini nguo nilizokuwa nakunja zilikuwa za binti yangu, na mkononi nilikuwa nimeshika jezi yake ya shule. Kicheko kikaniisha.

Kila mwaka, majani yanapoanza kugeuka rangi hapa Idaho, Marekani, shule ya sekondari hutoa nafasi nyingi kwa vijana. Kuna bendi ya kuandamana, mdahalo, mbio za nyika, safari za kutembelea vyuo vikuu, na kukusanya vyakula vya wasiojiweza. Nayeli, mwenye umri wa miaka kumi na sita, hakuangalia yote hayo. Yeye alitaka moja tu: mashindano ya mpira wa miguu ya Oktoba, ambayo makocha wa vyuo vikuu huja kuchagua wachezaji. Alicheza kiungo, na alicheza vizuri.

Jioni ile nilimkuta anakula maharage na tortila, zile chapati zetu za mahindi, simu iko kando ya sahani.

"Nayeli, lile jaribio la Agosti ulilifanyaje?"

"Kama wengine."

"Wengine walilifanyaje?"

Akasukuma sahani. "Ofelia tena! Mama, yule mwanamke mdomo wake kama redio, hauzimwi. Nilifanya, nikamaliza, basi."

"Niangalie ukisema."

Akanitolea macho. "Haya, nimekuangalia. Umeridhika?"

Sikuridhika, ila sikuwa na ushahidi. Nikaosha vyombo.

Mechi ya mwisho kabla ya likizo ya mavuno ilichezwa siku ya upepo mkali. Mpira ulipigwa juu, Nayeli akaruka, na msichana mrefu wa timu pinzani naye akaruka. Vichwa vyao viligongana, mlio wake ukafika hadi jukwaani nilipokaa. Nayeli alianguka, akainuka, akacheka na kuwapungia watu mkono. Bi. Sorensen, mtabibu wa timu, alimtoa uwanjani papo hapo bila kusikiliza maombi yake.

Kesho yake alimfanyisha tena lile jaribio. Matokeo yakawa sawasawa na yale ya Agosti.

"Kichwa kinauma?" Bi. Sorensen alimuuliza mbele yangu.

"Hapana."

"Mwanga unakusumbua? Kichefuchefu? Usingizi umekuwaje?"

"Niko sawa kabisa. Nimelala kama mtoto mchanga."

Bi. Sorensen aliuliza yote ya kuuliza, na Nayeli alijibu yote kwa tabasamu. Akaruhusiwa kuendelea na mazoezi. Kumbe asubuhi hiyo hiyo, nyumbani, alikuwa amefunga mapazia ya chumba chake kwa vibanio vya nguo ili jua lisipite. Nilipomuuliza, alisema anataka kupumzisha macho.

Siku chache baadaye nilimfuata Kocha Rulon kwenye maegesho ya shule. Wazazi wengine walikuwa wakipakia mabegi ya watoto wao.

"Kocha, mtoto wangu hayuko sawa. Jana aliniuliza tutakula nini, na kijiko kilikuwa tayari mdomoni mwake."

"Mama Nayeli, jaribio linasema yuko sawa."

"Na kama lile la kwanza alilifeli makusudi? Kama wote walilifeli?"

Uso wake ulibadilika. "Unawaita wasichana wangu waongo? Mimi nimewafundisha hawa tangu wakiwa wadogo hivi!"

Mama mmoja alifunga buti la gari lake kwa kishindo. "Sikiliza, dada. Binti yangu amengoja haya mashindano miaka. Makocha wa vyuo wanakuja kumwona. Ukitaka kumfungia wako ndani, mfungie, lakini usituharibie sisi."

"Anatafuta kuonekana tu," mwingine akasema, tena kwa sauti ya kutaka nisikie.

Kwenye gari Nayeli alilia kwa hasira, si kwa huzuni. "Umenidhalilisha! Maren amesikia, timu nzima itajua. Sitakusamehe."

Maren alikuwa kapteni wa timu. Kwa Nayeli, alichosema Maren kilikuwa kama amri.

"Usinisamehe," nilimjibu. "Lakini hutagusa mpira mpaka nijue ukweli."

Likizo ya mavuno ikaanza. Katika mji wetu shule hufungwa ili vijana wasaidie kutoa viazi ardhini kabla baridi haijavigandisha. Nilimwambia Nayeli abaki nyumbani. Akakataa katakata. Kila kijana angekuwa kazini, na kama yeye angebaki kitandani watu wangesema anaumwa. Mimi pia nilikuwa na kazi katika ghala lile lile la viazi la Bwana Thayne alikopangiwa yeye, nikaona afadhali awe mahali ninapomwona.

Kazi ya ghalani haina siri. Malori yanamwaga viazi, viazi vinapanda kwenye mkanda wa mashine, na sisi tunasimama pande mbili tukiondoa mawe, mabonge ya udongo na majani. Viazi vinaachwa vipite. Miaka yote Nayeli alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Bwana Thayne alizoea kumtania, "Huyu, hata mchanga haumpiti." Safari hii Maren naye alikuwa kazini, amesimama mbele yake, upande wa pili wa mkanda.

Siku ya pili niliona jambo la ajabu. Mkono wa Nayeli uliokota kiazi kizuri ukakitupa kwenye sanduku la taka. Jiwe lililofuata akaliacha lipite. Kiazi kingine, takani. Jiwe jingine, likapita.

Ofelia, aliyekuwa mwisho wa mkanda, akapaza sauti. "Nyinyi huko juu mnalala? Huku nimepokea mawe ya kutosha kujenga jiko!"

Watu wakacheka.

"Funga mdomo wewe bibi!" Nayeli akafoka.

Kicheko kikakatika. Binti yangu ana kiburi, sikatai, lakini hajawahi kumjibu mtu mzima hivyo.

"Nayeli, toka hapo ukae," nikamwambia.

"Niache!"

Akainama kulifuata jiwe moja lililokuwa limeshampita. Alinyoosha mkono mbali, kupita kizuizi, kuelekea pale mkanda unapozunguka na kuingia chini ya chuma. Ncha ya glavu yake ikanaswa.

Nilivuta kamba nyekundu ya kuzimia mashine kwa nguvu zangu zote. Mashine ikanguruma, ikasimama. Glavu ilibaki kwenye chuma. Mkono wake, namshukuru Mungu, ulichomoka mzima.

Bwana Thayne alikuja mbio, uso mwekundu. "Nani amezima? Malori yamepanga mstari nje na baridi inakuja! Nani?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Kabla sijajibu, Nayeli aliushika ukingo wa mkanda kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya daraja linaloyumba. "Mbona hamjazima?" akasema polepole. "Mama, waambie wazime. Bado unatembea."

Mkanda ulikuwa umesimama kimya. Hata kiazi kimoja hakikusogea. Bwana Thayne alimtazama Nayeli, akautazama mkanda, akavua kofia yake.

Nikamkalisha juu ya kreti. "Niambie sasa hivi. Lile jaribio mlifanya nini?"

"Usiseme neno," Maren akamwambia kwa sauti ya chini. "Nayeli, umesikia? Mashindano ni wiki ijayo."

Nayeli akamtazama. "Tulibonyeza ovyo," akasema. "Wote. Maren alituambia tubonyeze ovyo, lakini tusizidishe, wasije wakashtuka. Kichwa kinaniuma tangu siku ile, Mama. Hakijaacha." Kisha akamgeukia tena kapteni wake. "Unajua kwa nini mazoezini nilikuita kapteni, kapteni, siku nzima? Jina lako lilikuwa limenipotea. Nilikuangalia usoni, na jina halikuja."

Maren akavua glavu zake.

Daktari wa hospitali alisema ni mtikisiko wa ubongo, na kwamba kila siku ya mazoezi na kazi ilikuwa imeuongeza. Alisema neno lingine ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha ninachofanya. Kama Nayeli angecheza yale mashindano akagongwa tena kabla ubongo haujapona, angeweza kubaki na ulemavu, au asiinuke kabisa.

Shule ilipofunguliwa, Bi. Sorensen aliwaita wachezaji wote na wazazi wao darasani. Wale akina mama wa maegesho walikuwepo. Hakuna aliyenisalimia. Nayeli alikaa nyuma, kavaa miwani ya jua, na wenzake walikuwa wameacha viti vitupu kumzunguka. Kwenye kabati lake la shule mtu alikuwa ameandika MSALITI.

"Mnadhani lile jaribio niliwawekea mtego," Bi. Sorensen alianza. Hakupaza sauti, ila alikuwa na hasira. "Ile ni picha ya kichwa chako kikiwa kizima. Ukiumia, naichukua picha ile, naiweka kando ya picha mpya, naona kilichovunjika. Mlinipa picha za uongo. Nayeli aliumia, nikalinganisha uongo na ugonjwa, nikaona vinafanana. Nikamrudisha uwanjani kwa mkono wangu mwenyewe."

"Lakini tungekosa nafasi!" msichana mmoja akalalamika. "Ukikaa benchi, makocha wa vyuo hawakuoni!"

"Nafasi ya kwenda chuo kufanya nini? Kusoma kwa kichwa kipi?"

Maren akasimama. Hakumtazama mtu. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Na mimi nilifundishwa na kapteni aliyenitangulia." Akaongeza: "Nami kichwa huniuma. Tangu mwaka jana."

Mama yake, yule wa buti la gari, akageuka ghafla akamshika bega. "Unasema nini?"

"Nilisema siumwi. Tulisema hivyo wote."

Wote walirudia jaribio upya, safari hii kwa kweli. Maren na Nayeli hawakwenda kwenye mashindano. Timu ilikwenda bila wao, ikafungwa mechi zote, na baadhi ya watu mjini bado wanasema ni kosa langu. Kocha Rulon hakuniomba radhi. Alikuja mlangoni na jezi ya Nayeli, akasema, "Iwekeni. Nambari yake sitampa mtu," akaondoka. Yule mama wa buti la gari nikikutana naye dukani huniinamishia kichwa tu. Mimi humrudishia hivyo hivyo. Inatosha.

Nayeli alikaa wiki nyingi bila simu, bila kelele, bila kukimbia, na kila siku alininunia. Theluji ilikuwa imeshaanza kuanguka alipokuja jikoni asubuhi moja na vibanio vyangu vya nguo alivyovitoa kwenye mapazia, akaviweka mezani.

"Jua haliniumizi tena," akasema.

Bi. Sorensen alimpima kwa siku kadhaa ndipo akamruhusu kukimbia polepole. Alipomruhusu, alimwambia jambo ambalo Nayeli mwenyewe ameniomba niliandike: "Msimu mwingine utakuja na nafasi zake. Kichwa hakina msimu mwingine. Usinidanganye tena ukadhani umenishinda mimi."

Basi wewe unayesoma, uwe unacheza mpira, unakimbia au unaruka kamba, epuka haya:

Kufeli makusudi jaribio lolote la afya.

Kusema "siumwi" kwa sababu mechi iko karibu.

Kumcheka au kumwita msaliti mwenzako aliyesema kweli.

Kumtii kapteni anapokuambia umfiche mtabibu maumivu yako.

Kufanya mazoezi au kazi ya mashine ukiwa na kizunguzungu.

Kujifungia gizani mwanga ukikuumiza, badala ya kumwambia mzazi.

Kungoja mtu mwingine avute kamba nyekundu, nawe umeiona hatari.