Goli la Redio

Kila Jumamosi asubuhi, msichana aliyeitwa Redio alipanda juu ya meza kando ya uwanja wa shule, akashika kipaza sauti na kutangaza mpira. Walimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukuzimika. Wapo wanaoapa kwamba siku moja alitangaza kwa kasi hadi mpira ukasimama kumsubiri!

Mfukoni hakukosa karanga za chumvi. Maji, hakuyagusa.

"Nikinywa nitaenda chooni, halafu goli lifungwe bila mimi? Thubutu!"

Wiki ya fainali, maumivu makali yakamkamata ubavuni. Bibi yake akamkimbiza hospitali.

"Una kijiwe kwenye njia ya mkojo," daktari alisema baada ya kumpiga picha. "Kidogo kuliko punje ya mchele. Kitatoka chenyewe."

"Lakini sijameza jiwe, daktari!"

"Umelitengeneza mwenyewe, binti. Chumvi nyingi na maji haba hufanya mkojo uwe mzito, madini yakagandamana figoni."

"Na fainali yangu je?"

"Maumivu yakitulia, nenda. Ila unywe maji, na usibane mkojo. Kila mara ukojolee kwenye chujio, tukikamate hicho kijiwe tukipime."

Nyumbani, Bibi akamkabidhi chujio la chai. "Lako hilo, mjukuu wangu. Jikoni kwangu lisikanyage tena!"

Siku ya fainali, dakika zilikuwa zinayoyoma, bila kwa bila. Mara, penalti! Na papo hapo mkojo ukambana Redio. Akatazama mpira, akatazama choo. Zamani angevumilia. Safari hii alimtupia mwalimu wa michezo kipaza sauti, akatimka na chujio lake.

Chooni alihisi mchomo kidogo, kisha, tik! Punje ya kahawia ikatua kwenye chujio.

"Gooooli!" Redio alipiga ukelele humohumo chooni, sauti ikafika hadi uwanjani.

Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Golikipa akageuka kuutafuta mpira wavuni. Mpigaji akabaki ameduwaa, mguu hewani, kwani alikuwa hajapiga! Refa alipomaliza kuwatuliza watu, Redio alikuwa mezani tayari.

Mpigaji akaachia shuti. Wavuni!

"Gooooli la pili!" Redio akapaza sauti.

Bibi, aliyekuja kutazama fainali, alimkumbatia akicheka. "Umeona? Maji hayakukunyima goli, yamekupa mawili. Mwili ni wako, mama. Kunywa maji hadi mkojo uwe na rangi hafifu, kula matunda na mboga, na chumvi iwe kiasi."

"Na karanga, Bibi?"

"Kula. Zisizo na chumvi, mheshimiwa mtangazaji!"