Kitanda cha Udongoni

Orodha ilitoka na mstari mmoja wa ziada.

Mtunza kompyuta wa hospitali alihesabu tena, macho yakimwasha kwa kukesha. Wodi ilikuwa na vitanda vinane, na kila kimoja kilikuwa na jina lake: Mlangoni, Nguzoni, Feni, mpaka Dirishani alikolala bintiye, siku ya sita ya homa. Katika programu yake kila jina la kitanda lilikuwa ufunguo, na kila ufunguo ulishika jina la mgonjwa mmoja. Ufunguo wa tisa hakuuandika yeye. Ulisomeka Udongoni.

Jumatatu ulishika jina la seremala, jioni akafa. Jumanne, mwalimu mstaafu. Naye hivyo hivyo. Leo ulishika jina la bintiye, na chumba cha kompyuta kilinuka udongo mbichi.

"Umeufuta?" alinong'ona muuguzi mkuu, waliyemwita Shangazi Bendeji.

"Mara tatu, shangazi. Nikigeuka tu, umerudi."

"Nami nilidhani majini wanakaa magofuni, kumbe siku hizi wanataka umeme." Hakucheka. "Bibi yangu nyumba yake ilipoingiwa, aliibomoa yote. Bomoa, mwanangu. Andika upya."

Akabomoa. Akaandika upya vitanda vinane, mikono mizito kama si yake, Dirishani mwisho. Kwa uchovu akasahau mstari wa kwanza, ule unaoiambia kompyuta kwamba funguo hizi ni maneno; bila huo, funguo zote huingia tundu moja, na jina la mwisho humeza yaliyotangulia.

Udongoni haukutokea. Harufu ikakatika. Akashusha pumzi, ndipo akaisoma orodha. Mlangoni, bintiye. Nguzoni, bintiye. Vitanda vyote vinane, bintiye.

"Shangazi, nimekosea," alisema, na kabla hajagusa kitu sauti ikapenya ukutani kutoka wodini, sauti ndogo iliyokaushwa na homa, akakimbia viatu vikimtoka, akasukuma mlango, akamwona mzee wa Mlangoni ameketi wima, na dereva wa Nguzoni, na ajuza wa Feni ambaye wiki nzima hakuwa amefumbua macho, na wengine mpaka dirishani, wote wanane wamemgeukia, wote wamemnyooshea mikono, wote kwa sauti ile ile moja ya mtoto wake wakisema:

"Mama, ni mimi. Nipeleke nyumbani."