Bangili ya Chakula

Kila siku ya Mungu, kabla ya kwenda shule, Mwelu alipeta muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondolewa maganda. Mama yake, Kalondu, ndiye aliyetwanga. Aliyalowesha mahindi kidogo, akayamimina kinuni, akayatwanga mpaka maganda yakabanduka na punje zikabaki nyeupe. Mwelu alikaa mlangoni na uteo, akirusha punje na kupuliza makapi huku macho yakifumba kwa usingizi. Makapi yalimwingia nyweleni na kwenye kola ya sare. Huko Mwakingali, mjini Voi, mtaa mzima uliamshwa na mchi wa Kalondu, na mtu aliyechelewa kazini hakuwa na kisingizio.

Kutwanga ni kazi ya mabega. Kalondu aliuza muthokoi wake kwa wenye mikahawa mjini na kwa majirani, na jioni alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Uchovu wake haukuisha kwa kulala. Akiulizwa kama ni mgonjwa, alisema, "Hapana, ni mwili tu." Mwelu aliyaona hayo yote kila siku. Ndiyo maana alichokifanya baadaye hakina utetezi.

Shule yao ilipanga safari ya kwenda Mombasa, kwenye bustani ya michezo iliyoitwa Furaha Tele. Nauli na kiingilio vilikuwa vimekwisha kulipwa pole pole tangu muhula uanze. Siku moja Mwalimu Tryphena akasimama mbele ya Gredi ya Sita na jambo jipya.

"Bustani inauza bangili ya chakula," alisema. "Ukiilipia mapema, unavishwa mkononi ukifika, na unakula chochote, mara nyingi utakavyo, mpaka saa kumi. Lakini si lazima. Ukitaka, beba chakula chako. Kuna kibanda cha kulia karibu na lango. Ongeeni na wazazi wenu."

Wakati wa mapumziko, Shanice, aliyekaa dawati moja na Mwelu, alikuwa ameshaamua. "Mimi nachukua bangili. Nani atabeba viazi mpaka Mombasa? Watu watatucheka!"

Mwelu akacheka pamoja naye, ingawa asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai kwa kiazi kitamu, tena alikifurahia.

Jioni alimkuta mama yake kigodani. Akameza mate, akasema bila kumtazama, "Mama, Mwalimu amesema kila mtu alipe bangili ya chakula. Ni lazima."

"Lazima?" Kalondu aliuliza. "Hata nikikuchemshia viazi na mayai ubebe?"

"Hawakubali, Mama. Wanakagua mifuko langoni."

Bei ya bangili ilikaribia bei ya safari yenyewe. Hakubisha wala hakwenda kumwuliza mwalimu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana na pia kwa sababu alimwamini mtoto wake. Alijikokota tu hadi kwa jirani yao, Mbithe, mama yake Kasyoka aliyesoma darasa moja na Mwelu. Mbithe alikuwa akimtafutia binamu yake mtu wa kutwanga muthokoi wa harusi huko Mbololo, magunia mazima, na Kalondu alikuwa ameshamwambia hawezi. Sasa akamwambia anaweza, bila kueleza pesa ni za nini.

Kuanzia siku hiyo mchi ulisikika asubuhi na jioni. Kalondu alijifunga leso mabegani na kupaka dawa ya kuchua iliyonukia nyumba nzima. Kila Mwelu aliponusa dawa hiyo alitaka kusema ukweli, na kila mara alijiambia atasema kesho.

Siku ya kuamkia safari, mama yake alimwomba jambo moja.

"Nasikia huko kuna gurudumu kubwa linalopandisha watu juu, na ukiwa juu unaiona bahari. Mimi nilikuja hapa Voi kutoka Kitui nikiwa msichana. Bahari iko hapo tu, na sijawahi kuiona. Panda hilo gurudumu, uangalie vizuri, halafu uje unisimulie. Hilo tu."

"Nitaangalia, Mama," Mwelu aliahidi, na aliahidi kwa moyo wote.

Basi liliondoka Voi alfajiri, watoto wakiimba. Walipopita Maungu bado waliimba. Baada ya Mariakani wakakutana na foleni ya malori iliyokuwa ikitambaa, nyimbo zikaisha, joto likaingia basini na kukaa. Walifika adhuhuri, mashati yamewaganda mgongoni.

Bustani ilikuwa upande wa bara, ukuta wake mrefu, na bahari haikuonekana hata kidogo. Lakini gurudumu lilikuwepo, kubwa ajabu, likizunguka taratibu juu ya miti na vikapu vyake vya rangi. Mwelu alilitazama mpaka shingo ikauma. Mama mmoja wa langoni akamvisha bangili ya kijani. Hakuna aliyekagua mifuko.

"Twende gurudumu kwanza," alisema Mwelu.

"Aa, tule kwanza!" Shanice alimvuta mkono. "Tumeshalipa. Tusipokula tunawaachia pesa yetu bure. Leo tutakula mpaka wajute."

Maneno hayo yalimwingia Mwelu. Aliwaza mabega ya mama yake na yale magunia ya Mbololo, akaona kwamba asipokula kila kitu, mama yake atakuwa ametwanga bure. Basi akapanga foleni ya chipsi.

Foleni ilikuwa ndefu kama ya sufuria ya pilau harusini. Shule nyingine zilikuwa zimefika pia, na kila mtu mwenye bangili ya kijani alikuwa na hesabu ileile ya akina Shanice. Walisimama juani, wakasogea, wakasimama tena. Walipopata chipsi walizila wakielekea foleni ya soseji. Walipopata soseji walikuwa wameshiba, lakini walijiunga na foleni ya soda, kisha ya aiskrimu. Miguu ilimwuma Mwelu. Tumbo lilikuwa limejaa pomoni, na bado Shanice alisema, "Hatujachukua mahamri."

Walipokuwa kwenye foleni ya soda, Mwelu alikuwa amemwona Kasyoka, binti wa Mbithe, ameketi kibandani na wenzake. Alifungua kibakuli chake, akala viazi na yai, akanywa maji, akapangusa mikono, akaondoka mbio. Muda wote huo Mwelu hakuwa amesogea hata hatua kumi. Sasa, hamri likiwa mkononi, alisikia mtu akimwita kutoka juu. Alikuwa Kasyoka, ndani ya kikapu chekundu, akipunga mikono yote miwili.

"Mwelu! Njoo! Bahari hiyo! Naiona!"

Hapo Mwelu aliliacha hamri mkononi mwa Shanice, akakimbia. Alijipanga kwenye foleni ya gurudumu, jua likimpiga utosini. Alijikaza. Watu walisogea. Alikuwa karibu kabisa kufika mbele jasho baridi lilipomtoka, akainama na kutapika viatuni mwake mbele ya watu wote.

Mwalimu Tryphena alikuja akamshika mabega, akampeleka bombani, akamnawisha uso na kumwosha viatu. "Mwalimu, nataka kupanda," Mwelu alilia. "Tafadhali. Lazima nipande."

"Hapana, mwanangu. Kwa tumbo hili huwezi kupanda. Isitoshe muda wetu umekwisha." Kisha akapuliza filimbi ya kuwaita watoto basini.

Njiani Mwalimu alimketisha kando yake. Basi lote lilikuwa kimya, watoto wamelala wakiegemeana.

"Ulikula sana?" aliuliza.

"Tulikuwa tumeshalipa, Mwalimu. Sikutaka ipotee."

Mwalimu alishusha pumzi. Yeye pia alikuwa amechoka. "Bangili si kitu kibaya, Mwelu. Familia inayofika asubuhi na kukaa kutwa, watoto wakila kila baada ya muda, inaweza kufaidika nayo. Lakini sisi tulijua tutakaa saa chache tu. Tumbo moja litakula mara ngapi? Kabla ya kulipa, jiulize utakula kiasi gani kweli na umekwenda huko kufanya nini. Wewe ulikwenda kufanya nini?"

"Kuiona bahari," Mwelu alijibu kwa sauti ndogo.

"Nilishangaa kidogo mama yako alipolipa. Niliwaambia si lazima."

Mwelu aligeukia dirishani.

Nyumbani Kalondu alimpokea kwa uji. Aliuona uso wa mtoto, akasema, "Umechoka. Lala. Utanisimulia kesho." Mwelu alilala na bangili mkononi, na usiku kucha alitunga bahari kichwani. Ingekuwa rahisi. Angesema ni ya buluu, ni kubwa, ina meli. Mama asingejua.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Gunia la mwisho la Mbololo lilikuwa limeegeshwa ukutani, na Kalondu alikuwa ameshaushika mchi. Alitabasamu, jambo ambalo halikutokea sana asubuhi.

"Haya, niambie. Ulipanda? Bahari ikoje?"

Mwelu alifungua mdomo kuanza na meli. Akaiona leso mabegani mwa mama yake, na ile dawa ikamfikia puani.

"Sikuiona, Mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Niliona migongo ya watu tu. Nilipanga foleni ya chakula mpaka nikatapika. Na bangili haikuwa lazima. Mwalimu alisema tunaweza kubeba chakula. Nilikudanganya. Niliona aibu kubeba viazi."

Kalondu alisimamisha mchi. Hakupiga kelele, na Mwelu alitamani angepiga. Aliketi kigodani taratibu, akajishika bega, akalitazama lile gunia.

"Hili nililikataa," alisema hatimaye. "Nililikataa kwa sababu mwili ulikuwa umekataa. Nikalichukua kwa ajili ya neno lako."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Kitu ukikilipia mapema, kinaanza kukutuma. Ulikula bila njaa kwa sababu pesa ilikuwa imetoka, na kile ulichokiendea kikakupita. Hilo ni kosa dogo, hata mtu mzima hulifanya. Uongo ndio mkubwa. Mimi nikichoka, siendi kuuliza huku na huku kama mtoto wangu anasema kweli. Nakuamini, nainuka, nafanya kazi. Usiutumie uchovu wangu hivyo tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Mwelu alichukua kisu, akaikata ile bangili, akaitupa kwenye makapi. Kisha akaushika mchi. "Kaa, Mama. Hili gunia nitalitwanga mimi."

Kalondu alibaki kigodani. "Kasyoka alipanda?"

"Alipanda. Aliiona."

"Basi mwite aje atusimulie sote wawili."

Kasyoka alikuja, akaketi mlangoni na uteo, akapeta huku akisimulia. Alisema bahari haina ukingo, na kwamba mbali kabisa huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mwelu alitwanga, viganja vikimuuma, jasho likimwingia machoni. Kasyoka alipofika kwenye meli alinyamaza ghafla. Kalondu alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, wala kishindo cha mchi hakikumshtua.

"Ninyamaze?" Kasyoka alinong'ona.

"Hapana, endelea," alisema Mwelu, akiinua mchi. "Niambie yote. Akiamka nitamsimulia, na nitamwambia kwamba aliyeona ni wewe."