Bomu Kwenye Shimo la Choo, na Wivu wa Madamu Béatha

Kila asubuhi Madamu Béatha alifika shuleni kabla ya watu wote. Alifungua madirisha, akafagia mlango wa ofisi yake, kisha akasimama langoni kuwapokea watoto. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1994. Vita na mauaji vilikuwa vimekwisha miezi michache tu nyuma. Shule hii ndogo ya Niboye, mjini Kigali, ilikuwa na mabati yenye matundu ya risasi na madawati ya kuokoteza. Lakini watoto walikuwa wanarudi, na yeye ndiye aliyekuwa mkuu wao.

Wazazi walipofika walimsalimu vizuri, kwa heshima. Kisha waliangaza macho huku na huku na kuuliza kama Ticha Winifred amekwisha kufika.

Hapo roho ya Béatha ilichafuka. Ilichafuka kila asubuhi, na kila asubuhi alitabasamu.

Winifred alikuwa msaidizi wake. Wote wawili walikuwa Wanyarwanda waliokulia ukimbizini. Béatha alikulia Burundi na kusomea ualimu kwa Kifaransa. Winifred alikulia Uganda na kusoma kwa Kiingereza. Kifaransa hakukijua kabisa, na jambo hilo lilimfurahisha Béatha kuliko ilivyofaa. Lakini Winifred alikuwa na sauti ya kufika mbali, na alikuwa na maneno ya kila mtu. Mama aliyetoka Kampala alizungumza naye kwa Kiganda. Baba aliyetoka Karagwe alizungumza naye kwa Kiswahili. Mbele yake watoto walinyamaza bila kuambiwa.

Tena Béatha alikuwa na mtoto wake mwenyewe katika darasa la Winifred, Kayitesi, mwenye miaka saba. Kayitesi alianza kutembea kama Winifred, mikono nyuma. Nyumbani alikataa kula mpaka asimulie Ticha alisema nini. Jioni moja Béatha alimkatiza, akamwambia ale, ugali unapoa. Mume wake, Cyriaque, aliyekuwa akiuza sabuni sokoni, alimtazama mkewe akacheka.

"Mama Kayitesi, wewe una wivu," alisema.

Béatha alisema hana. Akaondoa sahani mezani kabla Cyriaque hajamaliza kula.

Siku hizo ardhi ya Kigali ilikuwa na mabaki mengi ya vita. Mabomu na maguruneti yalilala mashambani, kwenye mitaro, hata chini ya vitanda vya nyumba zilizoachwa. Kwa hiyo wategua mabomu waliwaita wakuu wa shule kwa mafunzo kambini kwao, Kicukiro. Kila mkuu aliambiwa aje na msaidizi wake.

Béatha alikwenda peke yake. Alipoulizwa, alisema msaidizi wake anaumwa. Winifred alikuwa mzima, yuko darasani anafundisha hesabu. Lakini Béatha alijisemea moyoni kwamba akimpeleka na huko, kesho Winifred ndiye atakayesimama mbele ya wazazi kuwaeleza habari za mabomu, na yeye mkuu atabaki pembeni akimshikia mkoba.

Mkufunzi alikuwa askari aliyeitwa Johnson, kijana mpole aliyekulia Tanzania. Alifundisha vizuri, na Béatha alishika yote. Baadaye Johnson alikuja shuleni siku ya Jumamosi, wakati hakuna mwalimu. Alikagua njia ya nyuma ya shule na uwanja wa mpira. Akamwambia Béatha kwamba likitokea jambo, watoto wapite huko wakusanyike uwanjani, na akamwomba awaeleze walimu wote.

Jumatatu Winifred aliuliza mafunzo yalihusu nini. Béatha alijibu kwamba yalikuwa mambo ya kawaida ya wakuu. Habari za njia ya nyuma akazitunza kichwani mwake.

Wiki hazikupita nyingi. Mafundi walikuwa wanachimba choo kipya karibu na lango. Mmoja wao, Kubwimana, alikuja ofisini amevua kofia. Aliomba Madamu atoke kidogo.

"Kuna chuma iko mule ndani ya shimo," alisema kwa sauti ya chini. "Iko na mapezi kama samaki. Niligusa kidogo na jembe, nikaacha."

Béatha hakusogea karibu kutazama. Hilo alilifanya sawasawa. Alimwambia Kubwimana awaondoe wenzake, kisha akimbie mpaka kambi ya wategua mabomu. Halafu akawaita walimu wote barazani.

Walimu walikuja. Winifred alisimama mbele, akiwa na chaki mkononi. Béatha alimwona, akaona na walimu wengine wakimtazama Winifred kwanza, kama kawaida yao. Siku ya leo, alijisemea, watanisikiliza mimi.

Akaanza kusema kwa Kifaransa.

Alisema maneno marefu ya ofisi. Kwa sababu za usalama, wanafunzi waondolewe bila kuchelewa. Wapitie njia ya nyuma, siyo langoni. Kinyarwanda alikuwa nacho mdomoni, na kila mwalimu pale angekielewa. Kiswahili pia alikijua, kile cha mitaa ya Bujumbura. Lakini alichagua lugha ambayo Winifred hakuwa nayo. Alifanya hivyo siku zote kwenye mikutano ya walimu, na siku zote Winifred alingoja mtu amnong'oneze maana.

Safari hii hapakuwa na wa kumnong'oneza. Wale waliokulia Burundi walikimbilia madarasa yao. Wale waliokulia Uganda na Tanzania walielewa kwa macho tu kwamba watoto watoke. Winifred hakuuliza. Alikuwa amechoka kuuliza. Alipanga darasa lake mstari mmoja, akawaambia watoto washikane mikono, akawaongoza watoke kwa njia wanayotoka kila siku.

Njia hiyo ilikuwa ya lango. Na kando ya lango palikuwa na lile shimo.

Huko nje mambo yalizidi kuharibika. Mwanamke mmoja jirani aliwaona watoto wakikimbia, akapiga yowe. Kwa Wanyarwanda, ukisikia yowe la jirani huulizi, unakwenda kumsaidia. Basi akina mama waliacha majiko, akina baba waliacha maduka, wote wakaja mbio kuelekea langoni. Hakuna aliyejua kuna nini. Mmoja alisema vita vimerudi. Mwingine alisema shule inaungua.

Béatha aligeuka akaona yote kwa pamoja. Watu walikuwa wanasukumana kuingia. Darasa la Winifred lilikuwa linakwenda kuwakuta palepale kwenye shimo. Aliyetangulia mstari, mkono mmoja umemshika mwenzake na mwingine uko nyuma kama wa Ticha wake, alikuwa Kayitesi.

Akapiga kelele kwa Kifaransa, hakuna aliyegeuka. Akapiga tena, sauti ikakatika. Ndipo akakimbia, viatu mkononi, mkuu wa shule mbele ya wazazi wote, akisema Kiswahili chake kibovu.

"Winifred, simama. Bomu iko pale kwa shimo. Usipite kwa lango. Rudisha batoto nyuma, njia ya uwanja."

Winifred alisimama, na mstari wote ukasimama naye. Alitazama shimo, akamtazama Béatha, na uso wake ukabadilika. Ilionekana wazi kwamba ameelewa zaidi ya habari ya bomu: alikuwa amefichwa.

Béatha alikuwa hana pumzi. Watu walikuwa bado wanakuja. Alijua sauti yake haiwafikii, na alijua ya nani itawafikia. Kuyasema maneno yaliyofuata kulimuuma kama kung'olewa jino.

"Sema wewe," akamwambia. "Wewe watakusikia."

Winifred alipandisha sauti. Alisema kwa Kinyarwanda, akasema kwa Kiswahili, akasema kwa Kiganda, maneno yaleyale.

"Kuna bomu karibu na lango. Msiingie. Rudini mpaka barabarani, zungukeni, mje uwanja wa mpira. Watoto wote tunawaleta huko. Hakuna mtoto aliyeumia."

Watu wakasita. Wa mbele wakawageukia wa nyuma wakawaambia. Kidogo kidogo lango likaachwa tupu. Watoto walirudi kwa njia ya nyuma, wakatembea bila kukimbia, wakaketi kwenye nyasi za uwanja kila darasa mahali pake.

Johnson alifika na wenzake. Walikaa shimoni muda mrefu, kisha wakalitoa lile bomu na kulipeleka mbali. Baadaye alikuja uwanjani akijifuta jasho, akawakuta walimu wamesimama na wazazi wamewashika watoto wao. Walikuwapo watoto ambao hawakuwa na mzazi wa kuwashika. Hao walikuwa wamemshika Winifred sketi.

Johnson alimsalimu mkuu, halafu akamgeukia Winifred.

"Wewe ndiye msaidizi? Pole, dada. Siku ile ya mafunzo Madamu alisema unaumwa. Ulipona vizuri?"

Walimu wote walimtazama Béatha. Angeweza kusema kwamba alisahau, au kwamba alidhani hivyo. Kayitesi alikuwa ameshika mkono wake, na mkono ulikuwa mdogo na wenye jasho.

"Hakuwa mgonjwa," Béatha alisema. "Nilimficha. Sikutaka ajue ninayojua mimi. Nilimwonea wivu, na bado ninamwonea."

"Madamu," Winifred alisema polepole, "ningewapitisha watoto juu ya bomu. Na wa kwanza angekuwa wako."

Hakusema kwa kelele. Béatha aliona afadhali angepigwa kofi.

Johnson alikohoa, akawaomba wote waketi. Alisema ya wivu ni yao wenyewe, yeye kazi yake ni mabomu. Lakini akasema kuna silaha moja ya kuokoa watu ambayo haihitaji pesa, nayo ni maneno.

"Siku ya hatari mkuu asitoe hotuba," alisema. "Aseme mambo matatu tu. Kuna nini. Msipite wapi. Mwende wapi. Mtoto wa darasa la kwanza akishindwa kuyarudia, hayo maneno hayafai, yabadilisheni."

Mzazi mmoja, mama mnene aliyeitwa Mukashema, aliuliza kwa nini hawakuambiwa wao. Walikuja mbio kusaidia, kumbe walikuwa wanaziba njia ya watoto wao.

Johnson alikubaliana naye. Alisema mzazi asiyejua aende wapi atakwenda alipo mtoto, na hakuna wa kumlaumu. Basi aambiwe mapema, siku ya amani, kwamba likitokea jambo atamkuta mtoto wake mahali fulani, na lango si mahali hapo. Siku yenyewe apewe habari ya kweli, na asiyejua kitu aseme hajui. Aambiwe pia saa ya kupata habari nyingine, hata kama hiyo nyingine itakuwa kwamba hakuna jipya. Mtu aliyeachwa bila neno hujitungia la kwake, na la kwake siku zote ni baya zaidi. Mtoto naye asiondoke uwanjani mpaka mwalimu wake ajue amechukuliwa na nani. Walio peke yao wapangiwe mtu wao kabla.

"Na lugha?" Winifred aliuliza. Hakumtazama Béatha.

"Lugha ni ile ambayo wote mnayo," Johnson alisema. "Ya kujivunia mnaweza kuitumia siku nyingine. Na anayejua njia asiwe mmoja. Mkuu akiwa safarini, au sauti ikimkatika, mwingine aendelee palepale alipoishia."

Wiki iliyofuata Béatha aliwaita walimu. Alisema kwa Kinyarwanda, akarudia kwa Kiswahili, akikwama hapa na pale. Walimu wawili walibana kicheko. Yeye na Winifred walitunga maneno pamoja, wakibishania kila neno. Winifred alikuwa bado na hasira na hakuzificha. Béatha alitaka yawe mazuri, Winifred alitaka yawe mafupi. Yakawa mafupi. Walichagua kipande cha reli kipigwe mfululizo badala ya filimbi, kwa sababu filimbi iliwakumbusha watoto wengine mambo mabaya ya Aprili, mauaji yalipoanza. Wazazi waliitwa, wakaonyeshwa uwanja na njia ya kuuendea. Watoto walijifunza kutoka kimya, mara nyingi, mpaka wakaanza kuchoka.

Kabla mwaka wa masomo haujaisha, Béatha alikwenda mjini kwa kazi ya shule. Aliporudi aliona lango limefungwa na hakuna mtu hata mmoja mbele yake. Alizunguka kwa barabara mpaka uwanjani. Watoto wote walikuwa wameketi kwenye nyasi, na wazazi wamekaa upande wa pili wakingoja kuitwa. Guruneti lilikuwa limeonekana chini ya ukuta wa shule. Wategua mabomu walikuwa tayari kazini. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga yowe, hakuna aliyeumia.

Wazazi walimzunguka Winifred na kumshukuru. Mama Mukashema alimkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. Hakuna aliyemwona Madamu alipofika.

Wivu ulimchoma Béatha palepale, uleule wa zamani. Hakuufukuza, kwa maana alijua hauondoki. Aliuacha umchome, akaenda akasimama karibu na Winifred, akamuuliza ni watoto gani bado hawajachukuliwa.

Kayitesi alikuwa ameketi na mtoto mdogo wa darasa la kwanza, aliyetaka kulia. Alikuwa anamkariria yale maneno: kuna nini, usipite wapi, twende wapi. Aliyasema kwa sauti ya Winifred, na mikono nyuma.

"Nani amekufundisha?" Béatha aliuliza, ingawa alijua.

"Ticha," Kayitesi alisema.

Béatha alitamani angesikia jina lingine. Alichuchumaa, akawafuta watoto wote wawili vumbi usoni.

"Umeyasema vizuri," alimwambia. "Hebu yarudie, na mimi nisikie."