Aliyekosa wa Kumtua

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na Scholastika alilifagia tu. Chini ya ukuta wa stendi, pale palipochorwa mwanamke mwenye mtungi, udongo ulikuwa umelowa. Ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na nne, mikorosho imeanza kutoa maua, na bomba la mji lilikuwa na siku ya kumi na mbili halijatoa hata tone. Huku kwetu juu mtu hamwagi maji ovyo. Hata ya kunawia tunayapeleka kwenye miche. Scholastika akamlaani kimoyomoyo kondakta fulani aliyemdhania kuwa amejisaidia pale, akasukumia mchanga mkavu juu ya ule unyevu, akaenda kufungua kibanda chake.

Huyu Scholastika, au Mama Eric kama stendi nzima ilivyomwita, alikuwa karani wa Idara ya Uchukuzi. Mji wenyewe sitautaja. Ni mmoja wa ile midogo unayoikuta ukishamaliza kupanda mteremko kutoka Masasi, na waliokuwapo wanaujua. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa milango yote. Mabasi ya watu binafsi yaligombea abiria mpaka wapiga debe wakachaniana mashati, na mitumba ilitandazwa hadi katikati ya barabara. Idara ndiyo iliyokabidhiwa kuyaweka sawa mambo hayo: wapi basi lisimame, wapi mama lishe apikie na, hili ndilo lililotuponza, kitu gani kichorwe ukutani. Kuta tatu za stendi zilipewa matangazo ya sabuni na soda. Ya nne mkuu wa idara, Bwana Justin, aliihifadhi kwa ajili ya utamaduni. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, msafi, mpenda mistari iliyonyooka, wala hakuwa mbaya. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walimsema sana.

Mchoraji aliitwa Marko, wa Lulindi, fundi wa mabango ya vinyozi. Alichora wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa anafika kutoka bondeni, chale za nembo za Kimakonde mashavuni, ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, mtungi umejaa kichwani na majani yanaelea juu ya maji ili yasimwagike. Wa pili alikuwa amenyoosha mikono kumpokea. Mtu yeyote wa huku alielewa. Kabla ya bomba bibi zetu walishuka bondeni jogoo wa kwanza, wakarudi jua la utosi. Mtungi uliojaa huwezi kuushusha peke yako. Ukijaribu utavunja mtungi au shingo. Kwa hiyo mwanamke akifika uani aliita, "Nitue," na aliyesikia alitoka kumtua, hata kama asubuhi walikuwa wametukanana mpaka matusi yakawaishia.

Bwana Justin hakulijua hilo. Aliloliona ni kwamba ratiba ya mabasi imekosa nafasi. Akasoma barua kwa sauti, Scholastika akaipiga chapa: mchoro wa pili uondolewe ili kupisha ratiba. Vidole vya Scholastika vilisita juu ya mashine. Bibi yake mzaa mama alikuwa mchota maji wa bondeni, na alijua kabisa kinachofutwa. Lakini kazi alikuwa nayo mwaka wa pili tu, na mkuu alikuwa anasubiri. Akanyamaza, akamalizia, akapeleka barua ikasainiwa. Marko akapaka nyeupe juu ya mwanamke wa pili na kuandika, Mtwara saa kumi na moja alfajiri, Masasi saa kumi na mbili. Yule wa kwanza akabaki na mtungi wake, ameikabili ratiba.

Baada ya unyevu ikaja harufu. Ilikuja saa saba mchana, saa ambayo mabasi yameshaondoka, jua limewafukuza watu wote, na stendi inabaki na mbwa na wenye vibanda tu. Ilikuwa harufu ya mtungi mpya wa udongo uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Ni harufu nzuri, na Scholastika aliogopa kwa sababu hiyohiyo, maana hapakuwa na mtungi wala maji. Siku ya tatu akasikia nyayo zikiburuzika polepole, na katikati ya kila hatua maji yakipiga ukingo wa chombo.

Winfrida, mdogo wake, alikuwa na meza ya maandazi chini ya ukuta ule. Siku hiyo aliinama juu ya karai, mgongo ameupa ukuta, na Scholastika akiwa dirishani mwake hatua kumi kutoka hapo aliisikia sauti ya mwanamke aliyechoka kupita kiasi.

"Nitue."

Scholastika akatoa kichwa dirishani amkataze, akachelewa. Na Winfrida, mtoto aliyelelewa vizuri, ambaye hajawahi kumpita mama mwenye mzigo, akajibu bila kugeuka:

"Haya mama, njoo nikutue."

Akanyooka ghafla. Mabega yakamshuka, shingo ikaingia ndani, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi juu ya kichwa, ukashika kitu kisichoonekana. Uso wake ulikuwa na mshangao tu, uchungu ulikuwa bado haujafika.

"Dada," alinong'ona, "mbona mzito hivi?"

Usiku ule hakulala. Kila walipomlaza alilia kwamba maji yatamwagika, kwa hiyo alikaa wima, mkono juu, huku nywele zikidondosha matone mabegani, na asubuhi Scholastika akatoa jani bichi katikati ya misuko yake, jani la mti unaoota bondeni tu. Hospitali walimpima wasione kitu. Siku ya pili hakuweza kumeza uji. Siku ya tatu mganga wa zamu alimvuta Scholastika pembeni, akamwambia hajui ugonjwa wenyewe, ila shingo ile ikiendelea kudidimia namna ile pumzi itakatika.

Scholastika alipanda baiskeli ya kukodi mpaka Makote, kwa Bi Mwanakombo, ambaye watu wa Mkunya na Makote walimwendea wakisumbuliwa na majini. Alimkuta anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, hana hata dakika ya mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema, lakini usinisimamie kwenye mwanga."

Akasimulia yote. Bibi yule aliendelea kugonga maganda mpaka alipoisikia ratiba ya mabasi, hapo akaweka nyundo chini. Akaeleza kwamba huyo si mzimu wa mtu, marehemu hana haja na ukuta. Ni jini la chemchemi ya bondeni. Zamani lilipanda na bibi zetu ndani ya mitungi, likatuliwa pamoja nao, likarudi kesho yake mtungi ukiwa mtupu. Sasa hakuna anayeshuka.

"Mmelichorea mwili," alisema, "mmelifikisha mlangoni, halafu mmemfuta wa kulipokea. Nani aliyefuta?"

Scholastika angeweza kumtaja mkuu, au Marko. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Barua niliipiga mimi, bibi. Nilijua, nikanyamaza."

Bi Mwanakombo akafuta mikono, akasema mwanamke wa pili lazima achorwe tena.

Bwana Justin hakukataa kama tulivyodhani. Alikwenda kumwona Winfrida, akasimama mlangoni akitazama yale matone yanavyotoka kwenye nywele za mtu aliyekaa chumba kikavu. Alirudi stendi akaifuta ratiba kwa mkono wake mwenyewe, bila barua.

Wakaanza siku hiyohiyo saa saba. Winfrida aliletwa amebebwa akiwa wima, midomo imekuwa ya buluu. Ubani ukafukizwa, Bi Mwanakombo akawa anasoma kwa sauti ya chini, na Marko akachora miguu ya mwanamke wa pili, kanga, kifua, mikono iliyonyooshwa; vyote vikakaa. Alipochora uso, rangi iliteleza ikashuka hadi chini. Akachora tena, ikashuka. Mara ya tatu macho yalikaa kwa pumzi moja, kisha yakachuruzika kama ugoro wenye mate, na Winfrida nyuma yao akakoroma kama mtu anayekabwa.

"Halitaki sura ya kubuni," alisema Bi Mwanakombo, bila kumtazama mtu. "Linamtaka aliyejua akanyamaza."

Scholastika akavua viatu, akasimama mbele ya ukuta, akanyoosha mikono juu. Marko akaanza kumchora, na kadiri paji la uso lilivyotokea ukutani, na nyusi, na lile kovu dogo la utotoni kidevuni, ndivyo harufu ya udongo mbichi ilivyozidi mpaka ikaufunika ubani, na nyayo zile zikaanza kuburuzika kutoka upande wa mteremko, zikakatiza stendi tupu, zikampita Winfrida, zikaja moja kwa moja hadi nyuma ya mgongo wa Scholastika ambaye alikatazwa kugeuka na hakugeuka, akisikia maji yakipiga ukingo karibu na sikio lake, akisikia pumzi ya mtu aliyetembea tangu alfajiri ya miaka mingi, mpaka Marko alipotia nukta ya mwisho kwenye jicho, na kitu baridi, cha mviringo, kizito kuliko mtoto wake wa kwanza, kikashuka polepole kwenye viganja vyake.

"Ahsante," ilisema sauti ile.

Mkono wa Winfrida ukaanguka. Akalala palepale juu ya mkeka, akakoroma kwa siku mbili, akaamka anaomba chai. Scholastika alilia kwa furaha, na sisi tulioona tulilia naye.

Ratiba ilihamishiwa kwenye ubao. Winfrida akahamisha meza yake upande wa pili wa stendi, chini ya tangazo la sabuni. Scholastika alibaki na viganja vyenye unyevu. Kila karatasi aliyoishika ilijikunja, na jioni alilalamika mikono inamuuma, lakini alisema hilo ni dogo, mdogo wake anapumua.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mchana mmoja, saa saba, dada hao wawili walikuwa wamekaa ndani ya kibanda wanakula ugali wa muhogo na kisamvu. Winfrida alikuwa anacheka jambo fulani. Sauti ikatoka ukutani, ya chini, iliyochoka, na haikuwa ile ya zamani.

"Winfrida, mdogo wangu. Nipokee. Mikono imeniishia."

Ilikuwa sauti ya Scholastika. Namna yake ya kuvuta jina, na ule mkwaruzo wa asubuhi, vyote vilikuwamo. Winfrida alishanyanyuka nusu kabla hajafikiri, na mkono ukamshika kifundo cha mkono, ukamrudisha chini. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Scholastika alikuwa anamtazama, tonge bado limo mdomoni.

"Usiitike," alinong'ona. "Si mimi ninayeita."

Winfrida akaketi. Wakamaliza chakula, huku kule nje sauti ikiita tena na tena mpaka ikaanza kulia. Na mpaka leo, Winfrida mwenyewe amenisimulia, wakikaa pamoja jikoni humtazama dada yake asiweze kusema kwa hakika dada yake halisi ni yupi, huyu wa jikoni au yule wa ukutani aliyeachwa na mzigo.